Kadi Nyekundu ya Greyville

Kila mjumbe alipewa kadi tatu za manila zilizokatwa kwa mkasi: kijani, njano na nyekundu. Kijani maana yake nakubali. Njano, sijaridhika lakini sitawazuia wenzangu. Nyekundu, nina mzigo moyoni na jambo hili lisipite mpaka nisikilizwe. Ndivyo tulivyoamua mambo kwenye warsha za viongozi wa kanisa letu, sisi Wamennonite, wakati tukisubiri mkutano mkuu uanze hapa Durban. Hakukuwa na kuhesabu kura, wala kusema huyu kashinda na yule kashindwa. Mtu mmoja akiinua nyekundu, ukumbi mzima unatulia na kumsikiliza, hata awe mtu ambaye kwake hasikilizwi na paka.

Aliyeinua nyekundu nilikuwa mimi, na ningependa nieleze ilivyokuwa kabla wachungaji hawajamaliza kuigeuza hadithi yao ya mimbarini.

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asinisubiri niwe shujaa huko mbele. Nilizaliwa mkoa wa Mara, katika nyumba ya shemasi, mtu aliyeamini amani mpaka ikawa kero. Ng'ombe wetu walipoibiwa, majirani walichukua pinde na mapanga, yeye akachukua Biblia na kwenda kuzungumza na wezi. Alirudi bila ng'ombe na bila viatu. Wanaume wa kanisa walimpongeza sana. Mama hakumsemesha mpaka mvua zilipoanza, na mimi, niliyekuwa mdogo, nilikuwa upande wa mama. Nafikiri sijawahi kuhama upande huo.

Durban nilikuja kwa shughuli ya ushonaji. Nina cherehani kwenye kibaraza cha duka moja Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na Kizulu changu chote nimekipata kwa wateja wanaotaka suruali zipunguzwe kiuno. Mume wangu ni Mkongo wa Uvira. Siku za kazi anatengeneza simu. Jumapili ni mchungaji wa kikanisa chetu cha Waswahili, Wakongo wengi, Watanzania kiasi, Wakenya wa kuhesabika. Tunaishi Point, katika jengo kuukuu la karibu na bandari ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia.

Miaka kadhaa iliyopita, watu waliokuwa wakiwatafuta wageni waliingia kwenye ile njia ya maduka alikokuwa akitengeneza simu. Walimpiga kwa bomba la chuma kichwani, upande wa kushoto. Jeraha lilipona, sikio halikupona. Upande ule hasikii chochote, hata honi ya lori. Tangu hapo, tukitembea mjini, mimi hukaa kushoto kwake, upande wa magari. Sikufundishwa na mtu. Mwili wenyewe ulijipanga hivyo, na kila honi ikilia mimi ndiye ninayeshtuka kwa niaba ya wawili.

Sasa, warsha. Wageni walikuwa wameanza kufika, wachungaji na maaskofu kutoka Tanzania, Kongo, Kenya na Zimbabwe, na kanisa mwenyeji lilitoa ukumbi wake wa Greyville. Mimi niliombwa niwe mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza. Kwa kuwa kikanisa chetu kilikuwa na nafasi ya wajumbe wawili, mume wangu na mimi tuliandikwa pia wajumbe, na nikapewa zile kadi. Niliziweka chini ya glasi yangu ya maji nikijua sitazihitaji. Mkalimani ana kazi ya kutosha kusema ya wengine.

Wiki ile ile zilianza kuzunguka simuni habari za maandamano. Kulikuwa na bango, kisha ujumbe wa sauti wa mtu aliyesema kwa upole kabisa kwamba wageni wote wanajua njia waliyojia na waifuate kurudi. Upole ule ndio ulionitia baridi mwilini, kwa maana mtu anayefoka huchoka. Ilisemekana Alhamisi watapita Greyville kuelekea katikati ya mji, na kwamba polisi watakuwepo. Wateja wangu wa Kizulu, akina mama watu wazima, walinishauri nisifungue siku hiyo. Mmoja alichukua sketi yake ikiwa haijapindwa, ili isije ikapotea humo ndani.

Mwenyekiti wa warsha alikuwa mchungaji mwenyeji, mama wa Kizulu, muuguzi mstaafu, mwenye miwani mikubwa na mwendo wa taratibu. Bila kelele akaongea na kampuni ya ulinzi, na Jumanne asubuhi tukamkuta mlinzi getini. Alikuwa kijana mrefu wa kitongoji cha Umlazi, buti zinang'aa, bastola kiunoni. Aliwasalimia watu wote mmoja mmoja na chai yake aliitaka na sukari ya kutosha. Nilipoiona ile bastola nilipumua. Ndiyo, mtoto wa shemasi nilipumua, na usingizi nikaupata.

Lakini Wamennonite hawawezi kuona bastola wakanyamaza. Jumatano, kabla ya chai, mchungaji mmoja mgeni kutoka Lubumbashi alisimama. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye suti ya rangi ya kahawia ambayo hakuivua hata kwa lile joto la unyevu la Durban.

"Tuko tunafundisha hapa mambo ya amani," alisema, "na ku mulango iko bastola. Donc, tunafundisha nani?"

Nikayaweka kwa Kiingereza, na ukumbi ukachangamka. Askofu wa Tanzania akasimulia jinsi wazee wetu walivyokataa silaha enzi hizo. Mzimbabwe mmoja akasema yeye hawezi kuomba akiwa nyuma ya risasi. Kazi ya ukalimani ina utaratibu wake: mtu akisema "mimi siogopi," nawe unasema "mimi siogopi," na sauti isitetemeke. Basi nilikaa pale, kanga imenilowa mgongoni, nikitangaza kwa lugha mbili kwamba siogopi, kwamba bastola iondoke, kwamba Bwana anatosha. Mume wangu alikuwa mbele, amekaa upande wa kushoto wa ukumbi ili sikio zima liwaelekee wasemaji. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila neno.

Mama mwenyekiti aliuliza kama mlinzi anaweza kubaki lakini bastola ikafungiwa ofisini. Akaitwa, akajibu kwa adabu kwamba sheria ya kampuni haimruhusu kuivua akiwa zamu. Wakitaka bastola iondoke, aondoke naye. Basi hoja ikawekwa hivyo: mlinzi arudishwe kwa kampuni yake, na kesho watu wa maandamano wakija, mama mwenyekiti na mume wangu watoke getini wazungumze nao. Yeye kama mwenyeji, mume wangu kama mchungaji wa wahamiaji. Mume wangu alijitolea kabla swali halijaisha.

Kadi za kijani zilianza kuinuka. Zilikuwa nyingi, ukumbi mzima umekuwa kijani, na watu wanatabasamu kwa jinsi mambo yanavyokwenda vizuri. Na mimi nikaona mkono wangu unatoa kadi chini ya glasi.

Mama mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema kwamba kuna ndugu ana mzigo, na tumsikilize. Mchungaji wa Kenya aliyekuwa karibu nami alinong'ona akiuliza kama mkalimani hapaswi kukaa pembeni. Nikamwambia nimeandikwa mjumbe, aulize. Halafu nikasimama.

"Mume wangu ana sikio moja," nilisema. "Nimebaki na hilo moja. Mkimwondoa mlinzi, na watu wakaja, ninyi mtapanda ndege mrudi kwenu na ushuhuda mzuri. Mimi nitarudi Point na maiti. Sitaki ushuhuda. Namtaka mume wangu."

Nikayasema tena kwa Kiingereza, maana hapakuwa na mwingine wa kunitafsiria.

Utaratibu wetu unakataza kumjibu mwenye kadi nyekundu papo hapo. Watu wanakaa kimya, wanayabeba maneno yake kwa muda. Kimya kile ndicho kigumu kuliko kuzomewa. Feni ilikuwa inazunguka na kulia, na nje nilimsikia mlinzi akimcheka mtu kwenye simu, hana habari. Mume wangu hakugeuka. Niliona shingo yake tu na kovu linaloingia kwenye nywele. Mwishowe mama mwenyekiti akasema tumesikia, jambo halipiti, mlinzi anabaki. Akatuombea, tukaenda kunywa chai.

Mchungaji wa Lubumbashi alinifuata na kikombe chake akacheka mpaka suti ikatikisika. Akaniita Mama Refa, akauliza kama baada ya kadi nyekundu nitatoa na penalti. Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo lilinikera, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mlinzi naye aliposikia kilichotokea alinijia nikiosha vikombe.

Alisema, "Ma, nimeambiwa ulinisemea. Asante. Wangenirudisha kwa kampuni, zamu ya wiki hii ingekwenda kwa mwingine."

Nikamwongezea sukari.

Nyumbani tulikula, tukalala. Asubuhi ya Alhamisi, akiwa anapiga pasi shati lake jeupe, ndipo aliponiambia niende upande wake mzuri.

"Bibi, mi siko na kasirani," alisema. "Uliogopa, ukasema. Iko sawa. Lakini ile bastola kama inaua mutu, itamuua kwa jina ya sikio yangu. Na mi sikuiomba."

Nikamwambia amalize kupiga pasi, tunachelewa.

Mji ulikuwa mtupu kiasi. Maduka ya Wahindi yalikuwa yamefunga nusu ya milango, na kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya karibu na ukumbi lilikuwa limesimama gari moja la polisi, dirisha liko wazi, askari wanakula mkate uliojazwa mchuzi wa maharage. Nililihesabia gari hilo kama baraka. Tulipoingia ndani na kuanza somo, niliposogea dirishani kutazama, gari halikuwepo tena.

Somo la siku hiyo, Mungu anisamehe kwa kucheka, lilikuwa jinsi ya kumsikiliza mtu mwenye hasira. Mwezeshaji alitugawa wawili wawili, mmoja ajifanye amekasirika. Maaskofu wazima walikuwa wanakunja ndita kwa zamu. Mchungaji wa Lubumbashi alijaribu kukasirika akashindwa, akaomba apewe kazi nyingine. Katikati ya mchezo ule ndipo filimbi zikaanza kusikika.

Zilitoka upande wa uwanja wa farasi, mbali, kisha zikawa na nyimbo chini yake. Nyimbo zenyewe ni nzuri, hilo lazima niseme. Wazulu hawajui kuimba vibaya. Kila mtu akawa anamtazama mwenzake aone kama naye amesikia. Mume wangu alikuwa wa mwisho kujua; aliona sura zetu kwanza, ndipo akageuza kichwa apate kusikia.

Mama mwenyekiti aliwaambia wageni waende jikoni, nyuma ya jengo, wakae chini mbali na madirisha. Halafu yeye na mume wangu wakatoka. Mimi niliambiwa niende jikoni. Nilifika mpaka mlango wa mbele, juu ya ngazi za saruji, na miguu ikakataa kwenda jikoni na ikakataa kwenda getini. Nikabaki hapo nimeshika fremu ya mlango.

Geti letu ni la nondo, la kusukuma, na barabara inaonekana yote. Watu walipita wengi mno, na fimbo, na mabango, akina mama wengine na miavuli ya jua. Wengi hawakututazama. Nilianza kujiambia wanapita, wanapita, nikilirudia neno hilo kwa lugha zote nizijuazo. Kisha kikundi kikachomoka pembeni kikaja getini. Mbele alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa fulana ya mpira, mtu ambaye angeweza kuniletea suruali nikaipunguza.

Aliuliza hapa pana nini. Mama mwenyekiti akajibu kwamba ni kanisa. Akauliza kama ndani kuna wageni wa nchi za nje. Mama akasema kuna wageni wake yeye, amewaalika. Jibu lilikuwa zuri, lingetosha kama lingeachwa hapo. Lakini mume wangu ni Mmennonite wa kuongoka ukubwani, na hao ndio wabaya zaidi. Akiulizwa jambo anaona lazima aseme kweli. Akasogeza uso kwenye nondo, akasema kwa Kizulu chake cha kuvunjika:

"Mimi ni mgeni. Natoka Kongo. Naishi hapa."

Nilihisi kuzimia, na ndani ya kuzimia kule nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Wale watu walilishika geti wakaanza kulitikisa. Jiwe liligonga bati la kibanda cha mlinzi. Na mlinzi, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma ya mume wangu, upande wa kushoto, akachomoa bastola.

Alipiga ukelele wa Kizulu, "Suka!" Ondoka hapo. Alikuwa anamwambia mume wangu atoke katikati, ili kati ya bastola na yule mtu wa fulana pasiwe na kitu. Mama mwenyekiti alisikia, akaruka pembeni. Mume wangu hakusikia; sikio lake zima lilikuwa limejaa kelele za geti. Alibaki pale pale, mgongo wake na shati lile jeupe, akizungumza na yule mtu kwa mikono. Mlinzi akapiga ukelele tena. Alikuwa ameishika bastola kwa mikono miwili.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nikiwa tayari ubavuni mwa mlinzi, nikisikia pumzi yake na harufu ya chai. Sikuthubutu kupaza sauti wala kumgusa. Nilimsemesha kwa ule mnong'ono wa mkalimani, karibu na sikio, pole pole.

"Bhuti, kaka, rudisha. Nakuomba."

"Ma," alisema bila kunitazama, "wewe ndiye uliyesema nibaki."

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua nimebadili amri saa ngapi. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

Nikamwambia, "Nilisema. Sasa nakuomba urudishe. Huyo mbele yako ni mume wangu. Hakusikii. Upande huu hana sikio."

"Nikirudisha, halafu wakaingia?"

"Sijui," nikasema.

Na kweli sikujua. Mkono wake ulishuka kidogo kidogo mpaka bastola ikatazama saruji. Hakuirudisha kiunoni, aliishusha tu. Tukasimama hivyo, yeye na mimi, na mimi nikaona kwamba kama lile geti lingefunguka wakati ule tungekufa wote, na kwamba nilikuwa nimemwomba mtu mwenye silaha asiitumie.

Kule barabarani filimbi zikalia kwa mkupuo. Msafara mkubwa ulikuwa umeshafika kwenye robot na kukata kona kuelekea mjini, na wale wa getini waliona wanaachwa. Ni hilo tu. Mmoja akaondoka, wawili wakamfuata, wengine wakakimbia kuwahi nyimbo. Yule wa fulana alibaki kidogo akimtazama mume wangu. Pembeni yake alikuwa mama mmoja mwenye mwavuli, wa umri wangu, na yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayeahidi kurudi kuchukua nguo yake, kwamba kesho watapita tena.

Walipokwenda, mume wangu aligeuka. Hugeuka kwa kulia siku zote. Alimwona kwanza mama mwenyekiti ameegemea ukuta, mkono kifuani. Kisha akamwona mlinzi. Akaitazama bastola, akaufuata mstari wake kwa macho mpaka pale alipokuwa amesimama yeye. Halafu akanitazama mimi.

Ndani, watu walitoka jikoni wakitaka kuimba na kushukuru. Mama mwenyekiti akawaambia wakae kwanza. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Alisema jambo la jana lilisimamishwa na mjumbe mmoja, na kwa utaratibu wetu mjumbe huyo aulizwe kama mzigo wake bado upo. Nikaulizwa.

"Upo," nilisema. "Umeongezeka. Jana niliwaogopa walio nje ya geti tu."

Nilizitazama zile kadi. Nyekundu ilikuwa juu, pale nilipoiacha, imepinda kona kwa jasho la jana. Nikainua njano.

"Sikubaliani nanyi," nikawaambia. "Lakini sitawazuia. Ila anayetaka geti lisiwe na bastola, kesho akakae getini mwenyewe. Asimtume mtu."

Mchungaji wa Lubumbashi aliinua kijani yake kabla sijakaa, na safari hii hakucheka. "Mi nitakaa," alisema. Wengine wakafuata, taratibu kuliko jana, wakiwa wanafikiri. Mume wangu aliinua ya kwake bila kunitazama.

Siku hizi wachungaji wanasimulia kwamba amani iliwashinda wenye fimbo pale Greyville. Mimi nilikuwepo, na sijui. Huenda yule mtu wa fulana aliiona bastola, ndiyo maana akaondoka. Huenda bila bastola wasingetikisa geti, au wangeliangusha. Ningeulizwa tena ile Jumatano, na mlinzi nje na mume wangu mbele, nadhani mkono wangu ungetoa kadi ile ile. Sikuongoka. Niliogopeshwa pande mbili, basi.

Jioni gari la kampuni lilikuja kumchukua mlinzi. Nilimpelekea chai getini. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kibanda chake, mikono kati ya magoti. Aliniuliza kama ni kweli yule mzee hasikii. Nikamwambia ni kweli, tangu alipopigwa. Akanywa kidogo, akasema hajawahi kuichomoa kazini, na kwamba alikuwa ameshaamua, alikuwa amehesabu moyoni, atapiga hata yule mzee asipotoka.

"Eish, Ma," alisema. "Ningepiga."

Akanirudishia kikombe kikiwa nusu, akapanda gari. Nilimpungia mkono. Sijui kama aliona.

Ijumaa asubuhi tulikuta viti vya plastiki vimepangwa ndani ya geti, vile vyeupe vya harusi na misiba. Wachungaji walikuwa wamejigawia zamu, na mume wangu alijiandikisha ya kwanza. Alishakaa, Biblia mapajani, shati jingine jeupe, anasalimia wapita njia. Alikuwa amekaa vibaya. Upande wa kushoto ndio uliokuwa unatazama barabarani, na upande wa kulia, wenye sikio, ulikuwa unasikiliza ukuta.

Mchungaji wa Lubumbashi alikuja kuniita, somo linaanza, wanamsubiri mkalimani. Nikamwambia wamtumie mchungaji wa Kenya, na nikamwambia pia kwamba yule wa Kenya Kiswahili chake hakina adabu, wavumilie.

Nikamsimamisha mume wangu, nikakigeuza kiti chake, nikamkalisha tena. Sikio zima sasa lilielekea barabarani. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia asikilize barabara. Ule upande mwingine, wa uani na ukuta mfupi ambao mtu angeweza kuuruka, ulikuwa hauna wa kuusikiliza. Upande wa uwanja wa farasi filimbi moja ikalia, mbali, kisha ya pili. Nikavuta kiti changu nikakaa kushoto kwake.